Ferdinand Foch: Jemadari wa Majeshi Yasiyo Yake

Tarehe 11 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, aliyekuwa askari wa dola ya Kirumi kabla ya kuwa mmonaki na askofu. Siku hiyohiyo mwaka 1918, yapata saa 11 alfajiri, ndani ya behewa la treni lililosimama katika msitu wa Compiègne nchini Ufaransa, ilitiwa sahihi hati ya kusitisha mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Upande mmoja wa meza aliketi Marshali Ferdinand Foch, Mkatoliki aliyelelewa katika shule za Wajesuiti. Upande wa pili, ujumbe wa Ujerumani uliongozwa na Matthias Erzberger, naye Mkatoliki, mbunge wa chama cha Wakatoliki cha Zentrum.

Wengi humkumbuka Foch kama mshindi wa vita hiyo. Makala hii inamtazama kwa sababu nyingine. Majeshi mengi aliyoyaongoza hayakuwa yake. Hakuwa na uwezo wa kumwondoa kazini jenerali wa Kiingereza, wala kumwadhibu wa Kimarekani, wala kumwamuru mfalme wa Ubelgiji. Hata hivyo, kwa miezi minane aliwafanya wote waende njia moja. Aliongozaje watu ambao hangeweza kuwalazimisha? Swali hilo lina uzito kwetu sisi tunaojiandaa kupewa madaraka katika Kanisa, na kwa kila mlei anayebeba uongozi katika jumuiya yake.

Mtoto wa Tarbes

Ferdinand Foch alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1851 katika mji wa Tarbes, chini ya milima ya Pyrénées, umbali wa kilometa 20 hivi kutoka Lurdi. Alikuwa na umri wa miaka 6 Bikira Maria alipomtokea Mtakatifu Bernadeta mwaka 1858. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishwa mara kwa mara, kwa hiyo kijana alisoma katika miji mbalimbali. Alipitia seminari ndogo ya Polignan, kisha shule ya Wajesuiti ya Saint-Étienne, na hatimaye shule yao nyingine katika mji wa Metz, karibu na mpaka wa Ujerumani. Mdogo wake, Germain, aliingia Shirika la Yesu akawa padre.

Mwaka 1870 vita ilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Ferdinand alijiandikisha jeshini, lakini vita ikaisha kabla hajapigana. Aliporudi Metz kumalizia masomo yake aliukuta mji umejaa askari wa Ujerumani, na baadaye ukachukuliwa kabisa na dola hiyo mpya. Kijana wa miaka 19 anayefanya mitihani katika mji uliotekwa hasahau. Kumbukumbu hiyo ilimpa bidii ya maisha, lakini pia, kama tutakavyoona, ilimwachia kidonda ambacho hakikupona vizuri.

Alijiunga na chuo cha Polytechnique mjini Paris, akawa afisa wa mizinga. Mwaka 1883 alimwoa Julie Bienvenüe. Alikuwa mtu wa Misa na sala, na hakuona haya kujulikana hivyo.

Mwalimu mwenye kaka wa Kijesuiti

Kuanzia mwaka 1895 Foch alifundisha katika chuo cha juu cha vita mjini Paris. Mihadhara yake ilitoka katika vitabu viwili, mwaka 1903 na 1904. Aliwazoesha maofisa kuuliza kwanza kiini cha tatizo ni nini kabla ya kukimbilia jibu, na kuamini kwamba vita huamuliwa na utashi kuliko hesabu ya bunduki.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa Wakatoliki wa Ufaransa. Serikali ilikuwa na uhasama na Kanisa. Mwaka 1904 ilifichuka kwamba wizara ya vita ilikuwa ikikusanya taarifa za siri kuhusu maofisa wanaokwenda Misa, ikisaidiwa na Wamasoni, na taarifa hizo zilitumika kuzuia watu wasipandishwe vyeo. Foch, ambaye ndugu yake alikuwa Mjesuiti, alikawia kupanda. Alipata ujenerali mwaka 1907, akiwa na miaka 55. Mwaka uliofuata, waziri mkuu Georges Clemenceau, mtu asiyelipenda Kanisa hata kidogo, alimteua kuwa mkuu wa chuo kilekile alichokuwa amefundisha. Foch hakumficha habari za ndugu yake Mjesuiti, na Clemenceau hakujali. Alitaka mwalimu bora, akamchukua aliyemwona kuwa bora. Watu hawa wawili wangekutana tena miaka 10 baadaye, katika saa mbaya zaidi ya nchi yao.

Akiwa mkuu wa chuo alitembelewa na mwenzake wa Uingereza, Henry Wilson, aliyeongoza chuo cha maofisa cha Camberley. Wakawa marafiki, wakatembeleana na kuandikiana. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba urafiki huo ungekuja kuhitajika.

Ukweli unatudai tuseme pia upungufu wa mafundisho yake. Foch alikuwa mmoja wa walimu waliolijaza jeshi la Ufaransa imani kwamba ari ya kushambulia inashinda yote. Agosti 1914 imani hiyo ilikutana na bunduki za rashasha. Siku moja tu, tarehe 22 Agosti, Wafaransa wapatao 27,000 waliuawa, siku ya vifo vingi kuliko nyingine yoyote katika historia ya jeshi lao. Miongoni mwao walikuwa Germain, mwana wa Foch, na Kapteni Paul Bécourt, mume wa binti yake Marie. Foch alipata habari hizo wiki kadhaa baadaye, akiwa katikati ya mapigano. Inasimuliwa kwamba alijifungia chumbani kwa muda mfupi, kisha akatoka na kuendelea na kazi. Wengine wangeweza kusema vifo vile ni vya watu wengine. Yeye hakuwa na nafasi hiyo: mafundisho yake yalikuwa yamelipiwa pia na damu ya nyumba yake.

Kutumwa bila amri

Baada ya kuongoza Jeshi la Tisa katika mapigano ya Marne mwezi Septemba 1914, Foch alipewa kazi ya ajabu. Alitumwa kaskazini kuyaunganisha majeshi matatu: la Ufaransa, la Uingereza na lile dogo la Ubelgiji lililokuwa limebaki na kipande kidogo tu cha nchi yake. Juu ya Wafaransa alikuwa na amri. Juu ya Waingereza na Wabelgiji hakuwa na amri yoyote.

Alichokuwa nacho ni gari, miguu yake na maneno yake. Alimwendea Mfalme Albert wa Ubelgiji na kumtia moyo ashikilie mto Yser, akampa na divisheni ya Wafaransa ili maneno yasibaki maneno. Tarehe 31 Oktoba, wakati mstari wa Waingereza mbele ya mji wa Ypres ulipoonekana kukatika, alikutana na kamanda wao, Sir John French, aliyekuwa amekata tamaa na akifikiria kurudi nyuma. Foch aliahidi kushambulia kwa askari wake kumpunguzia mzigo, kisha akaandika kwenye karatasi mambo aliyoyaona yanafaa. Jenerali French aliisoma, akakubali, akaipeleka kwa maofisa wake kama agizo lake mwenyewe. Mstari haukukatika.

Tuitazame karatasi ile. Kama Foch angeituma kwa Waingereza kama amri, ingetupwa. Ilipokelewa kwa sababu ilikuja na msaada, na kwa sababu mwenye jeshi aliachiwa heshima ya kuitoa kwa jina lake. Warumi wa kale walitofautisha potestas, yaani nguvu ya kuamuru, na auctoritas, yaani uzito wa mtu unaofanya neno lake lisikilizwe. Foch wa mwaka 1914 hakuwa na ile ya kwanza kwa washirika wake. Alijifunza kuishi kwa ya pili.

Miaka miwili iliyofuata haikuwa ya utukufu. Mashambulizi ya Artois mwaka 1915 na ya Somme mwaka 1916 yaliua watu wengi kwa ardhi kidogo, na Desemba 1916 Foch aliwekwa kando. Alirudi mwaka 1917 kama mnadhimu mkuu mjini Paris.

Ugonjwa wa ushirika

Ili tuelewe yaliyofuata, tuuone ugonjwa wenyewe. Kila taifa lililo katika ushirika wa kivita lina adui mmoja na wenzake, lakini lina hofu yake. Katika mstari wa Ufaransa, Waingereza waliogopa kutenganishwa na bandari zinazowarudisha kwao, na Wafaransa waliogopa kupoteza Paris. Adui akipiga katikati, kila mmoja huvutwa upande wa hofu yake, na pengo linafunguka.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huo ulionekana. Mwaka 1916 Waingereza na Wabelgiji kutoka Kongo waliivamia nchi iliyotawaliwa na Ujerumani kutoka pande tofauti, bila kamanda mmoja wa juu yao wote. Wote wawili waliutaka mji wa Tabora. Wakavutana juu ya wapagazi na chakula, na tarehe 19 Septemba askari wa Kongo chini ya Wabelgiji wakaingia Tabora kwanza. Jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck liliendelea kuwaponyoka washirika hao hadi mwisho wa vita.

Huko Ulaya, viongozi walijaribu kwanza dawa ya kamati. Novemba 1917 waliunda Baraza Kuu la Vita lenye makao Versailles. Mwanzoni mwa 1918 Foch aliwekwa kuongoza bodi iliyotakiwa kuwa na vikosi vya akiba vya pamoja. Kamanda wa Uingereza, Douglas Haig, na wa Ufaransa, Philippe Pétain, walikataa kutoa divisheni zao kwa bodi hiyo. Walipendelea makubaliano yao wenyewe ya kusaidiana. Kamati ikabaki na jina bila askari.

Juma Kuu la mwaka 1918

Alfajiri ya tarehe 21 Machi 1918, Wajerumani walifungua moto kwa zaidi ya mizinga 6,000 na kuwashambulia Waingereza pale walipopakana na Wafaransa. Katika siku chache Jeshi la Tano la Uingereza lilivunjika. Makubaliano ya Haig na Pétain hayakuhimili. Pétain alituma divisheni, lakini alikuwa akijiandaa kuifunika Paris, huku Haig akitazama bandari. Kati yao kulikuwa na mji wa Amiens wenye makutano ya reli. Kama ungeanguka, majeshi mawili yangetengana.

Tarehe 26 Machi, Jumanne ya Juma Kuu, viongozi walikutana katika jengo la halmashauri ya mji mdogo wa Doullens. Walikuwapo Rais Poincaré, Clemenceau aliyekuwa tena waziri mkuu, Lord Milner kwa niaba ya serikali ya Uingereza, Haig, Pétain, Foch, na yule rafiki wa zamani, Henry Wilson, ambaye sasa alikuwa mnadhimu mkuu wa Uingereza. Walikubaliana kumkabidhi Foch kazi ya kuratibu majeshi ya washirika. Rasimu ya kwanza ilihusu eneo la Amiens tu, kisha ikapanuliwa kufunika mstari wote wa magharibi. Haig, aliyekataa kutoa divisheni mwezi mmoja nyuma, aliunga mkono. Hatari ilikuwa imemfundisha.

Mchana uleule Foch alianza kuzunguka kwa makamanda. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: majeshi mawili yasiachane, na ardhi isitolewe zaidi. Siku tatu baadaye, Ijumaa Kuu, kombora la mzinga wa masafa marefu lilianguka juu ya kanisa la Saint-Gervais mjini Paris wakati wa ibada, likaua watu wapatao 90. Hata hivyo Amiens haikuanguka.

Yaliyoandikwa Beauvais

Kuratibu peke yake hakukutosha. Tarehe 3 Aprili, ndani ya Oktava ya Pasaka, viongozi walikutana tena mjini Beauvais, safari hii pamoja na Wamarekani. Hati waliyoiandika ina sehemu tatu, na inafaa kusomwa polepole.

Kwanza, Foch alipewa uelekezi wa kimkakati wa operesheni, yaani kuamua wapi na lini majeshi yaelekeze nguvu zao. Pili, kila kamanda mkuu, wa Ufaransa, wa Uingereza na wa Marekani, alibaki na uongozi kamili wa namna jeshi lake litakavyopigana. Tatu, kila kamanda alipewa haki ya kukata rufaa kwa serikali yake kama angeona agizo la Foch linaliweka jeshi lake hatarini.

Kwa haraka mtu anaweza kuiona sehemu ya tatu kama mwanya wa uasi. Ilifanya kazi kinyume chake. Kwa kuwa mlango wa kutokea ulikuwa wazi, hakuna aliyeogopa kuingia. Julai 1918 Foch alihamisha divisheni nne za Waingereza kwenda kusini kwa Wafaransa, na serikali ya London ikaingiwa na wasiwasi. Ilimtuma kwa Haig Jenerali Jan Smuts, yuleyule aliyeongoza majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwaka 1916, kumkumbusha haki yake ya rufaa. Haig hakuitumia. Alichagua kubeba hatari na kumwamini Foch.

Miaka miwili baada ya kifo cha Foch, Papa Pius XI, katika waraka Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni ya auni: mamlaka ya juu isinyang'anye kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza, bali iisaidie pale isipoiweza. Papa alikuwa akisema juu ya jamii, si juu ya vita. Lakini aliyeisoma hati ya Beauvais anaitambua sura hiyo.

Mgawanyo huo haukuishia mwaka 1918. Hadi leo, mataifa yanapounganisha majeshi yao, kwa kawaida kila taifa hubaki na mamlaka kamili juu ya askari wake, na kamanda wa pamoja hupewa uongozi wa operesheni tu. Ndivyo ilivyokuwa pia askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walipoanza kutumika katika brigedi moja ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo mwaka 2013.

Namna alivyoongoza

Makao makuu ya Foch yalikuwa madogo mno kwa mtu mwenye mamilioni ya askari. Alikuwa na maofisa wachache tu, wakiongozwa na Maxime Weygand, aliyejua mawazo yake kabla hajayamaliza. Hakutaka ofisi kubwa ya kushindana na makao makuu ya kila taifa. Waingereza na Wamarekani waliweka kwake maofisa wao wa kiungo, na yeye mwenyewe aliendelea kuwafuata makamanda walipo.

Alikosea pia. Tarehe 27 Mei Wajerumani waliwashtukiza Wafaransa pale Chemin des Dames, mahali ambapo Foch hakupategemea, wakasonga hadi mto Marne. Bungeni Paris watu walidai aondolewe. Clemenceau, yule asiyelipenda Kanisa, alisimama akamtetea.

Tarehe 18 Julai alijibu. Katika msitu wa Villers-Cotterêts, Wafaransa na divisheni mbili za Wamarekani walishambulia ubavu wa Wajerumani, wakiwamo askari wa Kiafrika waliochukuliwa na Ufaransa kutoka makoloni yake. Katika vita hiyo hiyo walipigana Waingereza na Waitalia. Kuanzia siku hiyo Wajerumani hawakupata tena nafasi ya kushambulia kwa nguvu. Tarehe 6 Agosti Foch akapewa cheo cha Marshali wa Ufaransa.

Agosti hiyohiyo alionyesha alichojifunza. Baada ya ushindi wa Waingereza mbele ya Amiens tarehe 8, Foch alitaka Haig aendelee kusukuma mahali palepale. Haig alikataa, akieleza kwamba adui amejizatiti na askari watakufa bure. Foch alisisitiza, akasikiliza, kisha akakubali. Haig akahamishia pigo kaskazini zaidi, nalo likafanikiwa. Mwalimu wa mashambulizi wa miaka ya nyuma alikuwa amekubali kufundishwa na mtu aliyekuwa chini yake.

Mgumu zaidi alikuwa John Pershing wa Marekani. Tangu mwanzo Washirika walitaka askari wa Marekani wagawanywe ndani ya majeshi ya Ufaransa na Uingereza. Pershing alitaka jeshi moja la Marekani chini ya bendera yake. Tarehe 30 Agosti Foch alimpelekea mpango ambao ungeligawa jeshi hilo, na wakagombana vikali. Pershing alikubali kupigana popote watakapoelekezwa, ila kama jeshi la Marekani. Siku chache baadaye walifika mahali pa kati: Wamarekani wangefanya shambulio lao la Saint-Mihiel, lakini dogo, kisha wangehamia haraka Meuse-Argonne kujiunga na pigo la pamoja. Foch alipata mahali na wakati aliotaka. Pershing alibaki na jeshi lake.

Kwa Mfalme Albert njia ilikuwa nyingine. Katiba ya Ubelgiji ilimtaka mfalme aliongoze jeshi lake mwenyewe, naye asingekubali kuwa chini ya jenerali wa nje. Basi Foch aliunda kundi la majeshi ya Ubelgiji, Ufaransa na Uingereza huko Flanders, akaliweka chini ya mfalme, na kumpa mnadhimu Mfaransa, Jenerali Degoutte. Heshima ya mfalme ilitunzwa, na kazi ikafanyika.

Kisha yakaja mapigo manne. Tarehe 26 Septemba walishambulia Wamarekani na Wafaransa. Tarehe 27 Waingereza kuelekea Cambrai. Tarehe 28 kundi la Mfalme Albert. Na tarehe 29 ikashambuliwa ngome kuu ya Hindenburg. Vikosi vya akiba vya Ujerumani havikujua viende wapi. Baada ya wiki sita vita ikaisha.

Behewa la Compiègne na mto Chambeshi

Hati iliyosainiwa asubuhi ile ilianza kazi saa 5 asubuhi. Ilikuwa na kipengele kuhusu sisi: majeshi ya Ujerumani yaliyo Afrika Mashariki yaondoke katika muda utakaowekwa na Washirika. Habari zilimfikia von Lettow-Vorbeck siku mbili baadaye karibu na mto Chambeshi, katika Zambia ya leo. Alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Nyuma yake yalibaki makaburi ya makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wa pande zote, waliokufa kwa njaa, magonjwa na mizigo. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi yanatokana na kikosi chao.

Yapo mambo mawili ambayo mwandishi Mkatoliki hapaswi kuyaruka. Tarehe 1 Agosti 1917 Papa Benedikto XV alikuwa ameziandikia nchi zinazopigana akipendekeza amani ya mapatano, bila kulipizana. Erzberger alikuwa miongoni mwa waliotafuta njia hiyo bungeni Ujerumani. Ufaransa haikuitikia, na vita ikaendelea mwaka mmoja na zaidi. Erzberger mwenyewe aliuawa na watu wenye itikadi kali za utaifa mwaka 1921, wakimshutumu kwa sahihi yake ya Compiègne.

Jambo la pili ni kwamba amani ilimshinda Foch. Katika mkutano wa Paris wa mwaka 1919 alidai mpaka wa kijeshi wa Ufaransa usogezwe hadi mto Rhine. Kijana wa Metz alikuwa bado anaishi ndani ya mzee. Washirika walikataa, na serikali yake ikakubali dhamana nyingine. Foch alimpinga Clemenceau hadharani, na mwezi Aprili alikawiza kwa makusudi kupeleka ujumbe wa serikali yake kwa Wajerumani. Mtu aliyewasihi majenerali wa mataifa mengine waache matakwa yao kwa ajili ya umoja, zamu yake ilipofika hakuweza kuyaacha ya kwake. Urafiki wake na Clemenceau haukupona tena.

Uingereza na Poland zilimpa nazo cheo cha Marshali. Alifariki mjini Paris tarehe 20 Machi 1929 akiwa na miaka 77, akazikwa Les Invalides, jengo lenye kaburi la Napoleon.

Tunachobaki nacho

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaitaja busara ya kijeshi kama aina mojawapo ya fadhila ya busara. Maisha ya Foch yanatusaidia kuona kwa nini. Ujasiri alikuwa nao tangu ujana, na peke yake uligharimu maelfu ya maisha. Kilichomwezesha kuongoza mwaka 1918 ni busara aliyoivuna polepole: kwenda kwa mtu badala ya kumwita, kutoa kabla ya kuomba, kumwachia kila mmoja kile kilicho chake kwa haki, na kukubali kukatazwa.

Paroko anayefika parokiani atakuta Halmashauri ya Walei, vyama vya kitume, kwaya na jumuiya ndogondogo, kila moja na historia yake na hofu yake. Kuna mambo anayoweza kuyaamuru kwa sheria ya Kanisa. Mengi zaidi hawezi, maana waamini wanajitolea na wanaweza kukaa nyumbani. Akizivunja jumuiya ili zifanane, atapata orodha ya majina. Akiziacha kila moja ivutwe na hofu yake, pengo litafunguka. Katikati kuna kazi ya kila siku ya miguu na masikio, na kwetu sisi wanafunzi mazoezi yake yanaanza hapa bwenini, bustanini na kwenye zamu za jikoni, pamoja na wenzetu ambao hatuna amri juu yao.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Tunapofika tarehe 11, tumwombee Ferdinand Foch na Matthias Erzberger, tuwaombee askari waliokufa kwa maagizo sahihi na kwa maagizo mabaya, na tusiwasahau wapagazi wa Kariakoo, ambao wengi wao hawana jina katika jiwe lolote.